Mshale na Kofia: Historia ya Alama Mbili katika Uandishi wa Lugha Zetu

Katika wilaya ya Rungwe, miongoni mwa kata zinazouzunguka mji wa Tukuyu, imo kata iitwayo Kisiba. Jina hilo ni jina la maji. Kwa Kinyakyusa kisiba ni ziwa dogo au kidimbwi, na katika nchi hiyo hiyo lipo ziwa la volkeno ambalo watu hulijua kwa majina mawili, Masoko na Kisiba. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu alisikiapo jina hilo hutambua mara moja kwamba ni ndugu wa neno la Kiswahili ziwa. Akitaka kuuonyesha undugu huo kwa ufupi, huandika hivi:

*-dîba > ziwa (Kiswahili)
*-dîba > -siba (Kinyakyusa)

Mistari hiyo miwili ina alama tatu ambazo hazimo katika alfabeti ya Kiswahili. Ya kwanza ni nyota, inayotujulisha kwamba neno halikupatikana katika maandishi yoyote bali limeundwa na wataalamu kwa kulinganisha lugha. Desturi hiyo ilienezwa na August Schleicher katika kitabu chake cha mwaka 1861. Ya pili ni kofia iliyo juu ya irabu i. Ya tatu ni alama ya mwendo, inayosema kwamba hiki kiligeuka kuwa kile. Makala hii yakusudia kueleza habari za alama ya tatu, yaani mshale pamoja na ndugu yake aliye mdogo, na jinsi ilivyoingia katika maandishi ya mashine za leo. Lakini hatuwezi kuisimulia bila kuitaja kofia, kwa sababu historia ya mashine imezifunga alama hizo mbili katika fundo moja, kama msomaji atakavyoona.

Mshale kama silaha ni wa kale mno, lakini mshale kama alama ya kuelekeza macho si wa kale. Waandishi wa Ulaya wa zamani walipotaka kumwonyesha msomaji mahali fulani katika ukurasa walichora mkono wenye kidole kilichonyooshwa. Katika karne ya 18 mshale waonekana ukifanya kazi hiyo katika michoro ya mafundi. Bernard Forest de Bélidor, mhandisi wa Ufaransa, aliyeanza kutoa kitabu chake kikubwa cha ujenzi wa mitambo ya maji mwaka 1737, alichora mishale midogo kuonyesha maji yaelekea wapi. Mwaka 1884 Mholanzi Jacobus van 't Hoff, ambaye mwaka 1901 alikuwa mtu wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya kemia, alitumia mishale miwili inayokabiliana kuonyesha kwamba badiliko la kikemia laweza kwenda mbele na kurudi nyuma. Hivyo mshale ukaacha kuwa picha ya mwendo wa maji tu, ukawa alama ya fikra: kitu kimoja chageuka kuwa kingine.

Kutoka huko uliingia katika hisabati na mantiki. Mwaka 1943 Emil Post wa Marekani alichapisha maelezo ya kanuni za kubadili mfululizo wa alama kuwa mfululizo mwingine. Mwaka 1957 Noam Chomsky alipotoa kitabu chake kidogo juu ya miundo ya sentensi, alitumia mshale katika kanuni za namna hiyo: upande wa kushoto sentensi, upande wa kulia sehemu zake. Tangu hapo mshale umekuwa chombo cha kila siku cha wanaisimu, kama jembe kwa mkulima. Hakuna tasnifu ya fonolojia ya lugha ya Kibantu, iwe imeandikwa Dar es Salaam, Nairobi au Leiden, isiyojaa mishale.

Hapo inafaa tutofautishe mambo mawili ambayo wanafunzi wetu aghalabu huyachanganya. Alama ya >, ambayo nimeiita ndugu mdogo wa mshale, husimulia historia. Tukiandika *-dîba > ziwa, twasema kwamba zamani watu walitamka hivi na wajukuu wao wakaja kutamka vile. Hakuna Mswahili hata mmoja leo mwenye neno diba kichwani mwake. Mshale wenyewe, yaani →, husimulia kanuni iliyo hai katika ulimi wa msemaji wa leo. Tukiandika mu + ana → mwana, au ki + akula → chakula, twaeleza jambo ambalo lugha hulitenda hivi sasa kila viungo hivyo vikutanapo. Alama ya kwanza ni ya mwanahistoria, ya pili ni ya fundi aichunguzaye saa inayotembea. Anayeweka moja mahali pa nyingine hafanyi kosa la mapambo, bali hutoa habari isiyo kweli.

Sasa na turudi kwenye kofia. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na kama ilivyokuwa desturi yao walianza upesi kuiandika lugha ya wenyeji, ambayo wakati huo waliiita Kikonde. Mwaka 1899 yalitoka maandishi mawili ya maana sana. C. Schumann alichapisha sarufi fupi ya lugha hiyo. Na Carl Meinhof alichapisha kitabu chake cha fonolojia ya lugha za Kibantu, ambamo Kikonde kilikuwa mojawapo ya lugha chache alizozichagua kuwa mifano. Meinhof aliandika kwa kufuata mapokeo ya Carl Richard Lepsius, aliyetoa mwaka 1855 mpango wa alfabeti moja ya kuandikia lugha zote, wenye alama nyingi juu na chini ya herufi.

Kwa nini alihitaji alama hizo? Kwa sababu lugha mama ya Kibantu ilikuwa na irabu saba, si tano. Palikuwa na i mbili na u mbili. Moja ya kila jozi ilitamkwa kwa kubana zaidi, na Meinhof akaivika kofia: î na û. Nyingine akaiacha kichwa wazi: i na u. Kiswahili kimezichanganya jozi hizo, kikabaki na irabu tano. Lakini kabla ya kuchanganyika, irabu zenye kofia ziliacha alama za meno katika konsonanti zilizozitangulia. Ndiyo maana *-dîba ikawa ziwa, yenye z, hali *-dima ikawa lima, yenye l. Ndiyo maana *-tuma ikawa tuma, lakini *-tûma, yenye maana ya kuchoma na kushona, ikawa fuma. Na msomaji akumbuke kwamba kufuma kwa Kiswahili ni kusuka nguo, na tena ni kumchoma mnyama kwa mshale au mkuki. Tofauti ya irabu imetoweka, lakini kivuli chake kimebaki.

Kinyakyusa hakikuzichanganya. Msemaji wa Kisiba, awe mzee au mtoto, huzitamka irabu zote saba kila siku pasipo kujua kwamba anatunza kitu ambacho Waswahili walikipoteza zamani. Kitenzi chake cha kulima kina irabu moja, na jina la kata yake lina irabu nyingine, ingawa wote wawili katika maandishi ya kawaida huandikwa kwa i ile ile. Wanaisimu wa siku hizi huandika -lɪma na -siba. Basi tazama jambo la ajabu: Meinhof aliitia alama irabu ya kisiba na kuiacha tupu ile ya kulima, wa leo huitia alama ile ya kulima na kuiacha tupu ya kisiba. Herufi i isiyo na alama katika kitabu cha mwaka 1899 na herufi i isiyo na alama katika kitabu cha leo ni sauti mbili mbalimbali. Mtu anayehamisha maneno kutoka maandishi ya kale kuyaingiza katika kompyuta, asipolijua hilo, atayageuza yote juu chini.

Kiswahili kilikwepa matatizo hayo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, alfabeti iliyotumika ilikuwa ya herufi zilizomo katika kila mashine ya taipu ya Kiingereza. Alama pekee ya ziada ni ule mkato wa juu katika ng'. Lilikuwa jambo la busara kwa lugha yenye irabu tano. Miaka hiyo hiyo Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilitoa mashauri yake juu ya uandishi wa lugha za Kiafrika, ikapendelea kuongeza herufi mpya kuliko kupachika alama juu ya herufi za zamani. Lakini herufi mpya zilitaka mashine mpya, na mashine za taipu zilizofika Tukuyu, kama zile za Tanga na Zanzibar, zilikuwa na vibonye vile vile vya Kiingereza. Hivyo mwandishi wa barua au wa kumbukumbu za kikao aliandika Kinyakyusa kwa irabu tano za Kiswahili, akamwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Tufike sasa katika zama za kompyuta, mahali ambapo mshale na kofia vilikutana ana kwa ana. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa msimbo wa kwanza wa ASCII, yaani orodha ya nafasi 128 ambamo kila herufi na alama ilipewa nambari yake ili mashine moja iweze kuelewana na nyingine. Katika orodha hiyo ilikuwamo mishale miwili: nafasi ya 94 ilikuwa ya mshale uelekeao juu, na nafasi ya 95 ya mshale uelekeao kushoto. Orodha iliporekebishwa, katika toleo la mwaka 1967 mishale yote miwili ilikuwa imeondolewa. Mahali pa ule wa kushoto pakawekwa mstari wa chini. Na mahali pa mshale wa juu pakawekwa nini? Pakawekwa kofia, ili mashine ziweze kurudi nyuma hatua moja na kuipachika juu ya herufi katika lugha za Ulaya zenye kuihitaji. Kwa hiyo kofia, ile ile aliyoivika Meinhof irabu za Kibantu, ilipata makao katika kompyuta kwa kumfukuza mshale. Hata hivyo haikutufaa, kwa maana katika kompyuta zilizofuata herufi mpya ilifuta ya kwanza badala ya kukaa juu yake, na kofia ikabaki peke yake bila kichwa.

Kwa miaka zaidi ya 20 iliyofuata, mwanaisimu aliyetaka mshale alitumia hila. Wengine waliandika kistari na alama ya > kwa pamoja. Wengine walitumia fonti za pekee, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Fonti ya namna hiyo haibadili nambari iliyomo ndani ya mashine, bali hubadili vazi lake tu. Ndani mna herufi ya kawaida, nje huonekana alama ya ajabu. Maandishi yakifunguliwa katika mashine isiyo na fonti ile, vazi huvuliwa na herufi ya asili hujitokeza. Programu ya Word, mathalan, ilizoea kugeuza vistari viwili vyenye > kuwa mshale mzuri. Lakini mshale ule ulikuwa herufi à iliyovikwa fonti ya Wingdings. Ukiuhamisha katika barua pepe isiyo na fonti hiyo, husomeka à.

Msomaji asidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Katika barua ya kawaida à iliyopotea njia huchekesha tu. Lakini katika kanuni ya fonolojia huharibu ushahidi, kwa kuwa à ni irabu a yenye alama ya toni ya chini. Kanuni isemayo kwamba u hugeuka kuwa w huonekana kama neno uàw, na mtu aisomaye baada ya miaka 20 hana njia ya kujua kwamba hapo palikuwa na mshale. Nimesoma zaidi ya tasnifu moja yenye aibu hiyo. Alama ya > nayo ina hatari yake: katika kurasa za intaneti alama < na > ndizo zinazofungua na kufunga amri za ukurasa, na neno lililowekwa kati yake laweza kumezwa lisionekane kabisa.

Dawa ya kweli ilikuja mwaka 1991, lilipotolewa toleo la kwanza la Unicode, orodha iliyokusudia kuipa kila alama ya kila lugha nambari yake yenyewe. Mishale ilipewa mtaa wake mzima, kuanzia nambari 2190 hadi 21FF, na sasa wakazi wake ni 112. Mshale wetu wa kulia una nambari 2192. Anayeandika kwa Word aweza kupiga tarakimu hizo nne, kisha akabonyeza Alt na X kwa pamoja, naye atapata mshale ambao ni mshale ndani na nje. Wanafonetiki nao, katika mkutano wao wa Kiel wa mwaka 1989, walikuwa wamekubali mishale midogo ya kuonyesha toni inayoteremshwa au kupandishwa ngazi, na hiyo ikapata nambari zake katika toleo la mwaka 2008. Kinyakyusa hakina haja ya mishale hiyo, kwa sababu hakipambanui maneno kwa toni; lakini Kikuyu, ambacho toni yake inayoteremka ngazi imechunguzwa sana, chaihitaji.

Na herufi zetu je? Hapa twaona kwamba si kila mgeni alipokewa sawa. Kikuyu, chenye irabu saba kama Kinyakyusa, huandikwa kwa kiwimbi juu ya herufi, ĩ na ũ, kama katika jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Herufi hizo, ambazo hutumika pia katika Kivietnamu, zilikuwamo tangu mwanzo, kubwa na ndogo. Lugha kadhaa za nyanda zetu za juu kusini zimeandikwa na wafasiri kwa herufi zenye mstari, ɨ na ʉ. Herufi ndogo zilikuwamo tangu mwanzo, lakini herufi kubwa ya ʉ iliingizwa mwaka 2006 tu. Na herufi kubwa ya ɪ ilisubiri mpaka mwaka 2016. Katika lugha za Ulaya pengo hilo lisingehisiwa sana. Lakini nomino ya Kinyakyusa aghalabu huanza kwa irabu ya utangulizi, na irabu hiyo yaweza kuwa mojawapo ya hizi zenye alama. Kwa hiyo sentensi nyingi huhitaji herufi kubwa mahali hapo hapo. Mshale, ambao hakuna taifa linaloutamka, ulikuwa na nambari yake robo karne kabla ya herufi kubwa ya irabu itamkwayo na maelfu ya watu.

Wako wasemao kwamba yote hayo ni anasa ya wasomi. Husema kwamba Mnyakyusa ajuaye lugha yake hataona tabu kuisoma kwa irabu tano, kama vile Mwarabu asomavyo bila irabu. Tena kwamba alama hizo zina gharama. Hoja ya pili ni kweli kabisa. Ujumbe wa simu ya mkononi hubeba herufi 160 maadamu zote zimo katika orodha fupi ya simu. Ukiingiza ʉ moja tu, au mshale mmoja tu, ujumbe mzima huhamia katika msimbo mwingine na nafasi hupungua kuwa 70. Mama wa Kisiba anayempelekea mwanawe salamu aliye Mbeya hana sababu ya kulipia ujumbe mara mbili kwa ajili ya fonolojia, wala hapana haki ya kumlaumu.

Lakini hoja ya kwanza husahau jambo moja. Asomaye Kiarabu bila irabu alikwisha kufundishwa kuisoma kwa irabu. Watoto wa Rungwe hawafundishwi kusoma Kinyakyusa shuleni; hufundishwa Kiswahili, na wengi wao hukulia mijini mbali na bibi zao. Kwao maandishi hayatakuwa kumbukumbu ya sauti waliyoizoea, bali ndiyo njia ya kuijua sauti yenyewe. Tukiwaachia kamusi, visa na nyimbo zilizoandikwa kwa irabu tano, watajifunza Kinyakyusa cha irabu tano, nayo itakuwa > ya kweli, badiliko la historia, lililoletwa si na vinywa vya watu bali na vibonye vya mashine. Tofauti iliyodumu kwa vizazi visivyohesabika, ambayo Kiswahili chenyewe kinaihitaji ili kieleze kwa nini kina ziwa na lima, itakuwa imefutwa kwa uvivu wa waandishi.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu kwa wale wanaokusanya na kuchapisha maneno ya lugha zetu. La kwanza, kila alama, iwe mshale au herufi, itumiwe ile yenye nambari yake yenyewe, wala isiwe vazi la fonti. Na kazi za zamani zilizoandikwa kwa fonti za pekee zigeuzwe mapema, wakati wenyewe wangali hai kueleza walikusudia nini. La pili, kila kitabu kiseme katika kurasa zake za mwanzo kwamba > ni ya historia na → ni ya kanuni iliyo hai, na kwamba i isiyo na alama ni sauti ipi. Mistari mitano yatosha. La tatu, maandishi ya kila siku yaachwe huru, lakini yale yanayowekwa akiba kwa ajili ya watakaokuja, yaani kamusi, masimulizi na majina ya mahali, yaandikwe kwa irabu zote saba.

Chini ya ziwa la Kisiba limelala tope lililojikusanya kwa maelfu ya miaka, na wanajiolojia wamelichimba tabaka kwa tabaka, wakasoma humo habari za mvua na ukame wa kale. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu hakuna mtu aliyelikoroga. Maneno ya wakazi wa kando ya ziwa hilo nayo yana matabaka yake. Yasipokorogwa katika kuandikwa, wachunguzi wa kesho watayasoma vivyo hivyo.